Magoti ya Chiriku

Jumatatu, tarehe 3 Machi.
Asubuhi mawingu mepesi, upepo kidogo, hakuna mvua.

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi. Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma, nikaiweka mezani, nikaisoma tena siku ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Najua utacheka. Lakini wewe ndiye uliyeniita Karani tangu tukiwa wadogo, kabla hata sijaajiriwa bohari, kwa hiyo nivumilie.

Mwezi mmoja baada ya kumzika Mama, ulisimama mlangoni na mkoba wako ukaniambia, "Dada, nikifunga duka la kushona narudi, tuishi wote." Duka umelifunga mwezi wa Desemba. Nikakuandikia kwamba chumba chako kiko tayari. Sasa umenijibu kuwa unatamani sana kuja, ila magoti yako hayawezi tena choo cha kuchuchumaa, na nyumba yetu haina kingine.

Nimekuelewa. Kama kinachokuzuia ni choo, basi choo kitabadilishwa.

Nimemwita fundi bomba. Anaitwa Nusu Saa, kwa sababu kila kazi ukimtajia anakwambia ni ya nusu saa. Alichungulia choo chetu, akagonga sakafu kwa kisigino, akatoka nje kufunua chemba ya maji taka, akarudi akifuta mikono. Shida ni hii: choo cha kuchuchumaa kiko katikati ya chumba na bomba linashuka papo hapo. Choo cha kukaa kinataka kuegemea ukuta. Kwa hiyo lazima avunje sakafu, alisogeze bomba la maji taka hadi ukutani, kisha asakafie upya.

Nikamuuliza ni kazi ya muda gani. Unajua alichojibu.

Usinipigie simu kunikataza. Sikio langu la kushoto halisikii vizuri, na wewe kwenye simu husema "sawa, Dada" halafu unakata. Kwenye barua huwezi kukata.

Dada yako.


Jumanne, 11 Machi

Dada mpenzi,

Karani bwana! Mtu akikuambia ana kiu, wewe unachimba kisima! Nilikuwa nakueleza tu hali yangu, sikusema uvunje nyumba ya Mzee. Nilisoma barua yako kwa sauti, wenzangu wakacheka mpaka mmoja akajidunga sindano. Wanataka kumjua Nusu Saa, wanasema nao watamshonea nguo kwa nusu saa.

Lakini kweli Dada, usiharakishe. Magoti si choo peke yake. Daktari wa mifupa anataka nimwone mara kwa mara, na huko kwetu sijui kama yupo. Halafu duka nimelifunga, ndiyo, ila kazi za watu hazijaisha. Kuna bibi harusi mmoja hapa anatuzungusha, kila siku kiuno chake kimebadilika. Jana nimepanda na kushuka ngazi za kwao kutwa nzima na gauni mkononi, ghorofa ya tatu, nikirudi nalala kama gogo.

Wewe hujambo? Barua zako zimejaa habari za bomba, zako mwenyewe sizioni. Unakula? Nisalimie jirani yako Mkunga na mumewe.

Nakupenda, usijichoshe.

Chiriku.


Jumatatu, tarehe 17 Machi.
Asubuhi jua kali, hakuna upepo, vumbi la saruji hadi kwenye sukari.

Mdogo wangu,

Barua yako imefika sakafu ikiwa imeshavunjwa. Pole kwa kukusumbua na habari za bomba, lakini lazima nikueleze, kwa sababu limetokea jambo na linakuhusu.

Nusu Saa alipofika chini alikuta bomba la chuma. Aliligusa kwa nyundo, likamegeka kama biskuti. Mbele yake yamelazwa mabomba ya udongo, yale aliyoyalaza Mzee mwenyewe tukiwa watoto, yameungwa moja kwa jingine kwa saruji. Yamepasuka. Mizizi imeingia ndani kama nywele kwenye kitana. Fundi akachuchumaa hapo, akaniita, "Mama, hili bomba linapita wapi?"

Linapita chini ya chumba chako, Chiriku. Ndiyo maana sakafu yako ilikuwa na unyevu kila mvua zikinyesha, na Mama akawa anakulaumu kwamba unamwaga maji.

Nusu Saa alinipa njia mbili. Ya kwanza, aunganishe choo kipya na bomba la zamani hivyo hivyo, nacho kingefanya kazi kwa muda, kisha siku moja kila kitu kingerudi juu. Ya pili, avunje sakafu ya chumba chako mwanzo hadi mwisho, alaze bomba la plastiki hadi kwenye chemba. Nilifikiri usiku mmoja. Sikuona maana ya kukuwekea choo kipya juu ya bomba bovu. Nimemwambia avunje.

Kitanda chako sasa kimesimama wima sebuleni, kimeegemea kabati. Nikiwa nimekaa jioni naona kama kuna mtu mrefu aliyekuja kunisalimia akakataa kiti.

Kuhusu daktari: nimekwenda hospitali kuuliza. Yuko wa mifupa, anakuja kila Alhamisi. Nesi wa mapokezi ameandika jina lako. Kuhusu ngazi: nilishangaa kidogo, nikamuuliza Mkunga. Anasema kupanda ngazi na kuchuchumaa ni vitu viwili tofauti kabisa, mtu anaweza kimoja asiweze kingine. Nimefurahi kusikia hivyo.

Kwa sasa choo natumia cha Mkunga. Tatizo ni mumewe. Akiingia na redio yake anataka asikilize taarifa yote ya habari, na hali ya hewa, na matangazo ya vifo. Juzi nilisimama nje nikamwambia, "Shemeji, hali ya hewa hata mimi naweza kukupa, toka." Akajibu kutoka ndani, "Shemeji, subiri michezo."

Niambie rangi unayopenda. Kuna nyeupe na kuna ya maziwa.

Dada yako.


Jumatano, 26 Machi

Dada,

Msimamishe fundi. Tafadhali.

Chumba changu? Umevunja chumba changu? Dada, mimi sikukuomba hayo. Mwanangu naye anasema bora nikae karibu naye kwanza, mkewe yuko karibu kujifungua, na hapa mjini kuna mambo mengi sijayamaliza. Sijui nitakuja lini. Sijui, unanielewa?

Rangi chagua unayoipenda wewe.

Chiriku.


Jumatano, tarehe 2 Aprili.
Mvua tangu alfajiri, nzito, imekatika kidogo ninapoandika.

Mdogo wangu,

Hongera ya mjukuu ajaye. Mwambie mwanao namwelewa, mama lazima awepo mtoto anapozaliwa. Kwa hiyo sasa hatuna haraka tena, na hilo ni jambo jema, kwa sababu kazi imechelewa na kosa ni langu.

Choo kililetwa Ijumaa. Cheupe. Vijana wa duka walikishusha ukumbini, kizuri kweli, kinang'aa, Mkunga akakipigapiga mgongoni kama mtoto aliyemzalisha yeye. Nusu Saa akaja, akakigeuza, akakaa chini. Kumbe vyoo hivi viko vya aina mbili: kuna ambavyo uchafu unatoka kwa chini kuingia sakafuni, na kuna ambavyo unatoka kwa nyuma kuingia ukutani. Bomba letu liko sakafuni. Choo nilichoagiza kinatoa uchafu kwa nyuma. Niliandika rangi, nikaandika urefu, nikaandika hadi aina ya kifuniko, hilo moja nikalisahau. Mimi, Karani! Nusu Saa alinitazama kwa huruma akasema, "Hili nalo ni la nusu saa, Mama. Kurudisha tu." Wamekichukua, wataleta kingine.

Halafu mvua ikajaza mfereji uliochimbwa chumbani kwako. Tuliyachota maji kwa ndoo, yeye ndani, mimi mlangoni. Tukiwa tunachota akaniuliza, "Huyu mdogo wako anakuja lini hasa? Nataka kumwona mtu ambaye nimemchimbia hivi." Nikamwambia anasubiri mjukuu.

Mkewe mwanao anajifungua mwezi gani? Nataka nijue, nije kukupokea stendi. Ukipata basi la asubuhi unafika hapa jua halijawa kali.

Umeniuliza kama nakula. Nakula.

Dada yako.


Jumatano, 9 Aprili

Kwako Chiriku,

Mimi ni Mkunga, jirani. Dada yako hajui kama ninakuandikia, na ukimwambia nitakataa nikiwa nimeshika barua hii mkononi.

Sina maneno mazuri kama yake, kwa hiyo nakupa moja kwa moja. Mwezi wa Januari dada yako alianguka chooni. Ile sakafu ya zamani ilikuwa inateleza, na magoti yake, ya KWAKE, hayamnyanyui tena. Alikuwa amechuchumaa, akashindwa kusimama, akajaribu kushika ukuta, hakuna cha kushika. Muuza maziwa aligonga, hakujibiwa, redio inasikika ndani. Huyu mama huiacha redio ikilia ili watu wadhani ana mgeni. Yule kijana akaondoka. Akarudi baadaye kwa sababu roho haikumtulia, akaja kunigongea mimi. Nikamkuta sakafuni, baridi kama samaki, ameshikilia ndoo.

Unajua neno la kwanza aliloniambia? Hakusema niinue. Alisema, "Usimwambie Chiriku, atakuja kwa huruma."

Mwezi ukapita, barua yako ikaja: ooh, magoti yangu hayawezi kuchuchumaa. Mwanangu, alikuja kwangu anakimbia, na mwenyewe hawezi kukimbia. "Mkunga, kumbe ni choo tu! Kumbe ni choo tu!" Nikatazama pembeni. Nimezalisha wanawake wa mtaa mzima, najua mtu anayesukuma na mtu anayejifanya anasukuma. Mtu mwenye magoti mabovu hapandi ghorofa ya tatu na gauni la harusi. Alipokuja kuniuliza habari ya ngazi nilimdanganya. Uso wake ulikuwa unaniomba nimdanganye, nikampa alichotaka.

Sikuandikii uje. Kila mtu na maisha yake, na dada yako si mtu rahisi kuishi naye, kijiko changu nikikiweka kushoto anakihamishia kulia nikiwa bado nakunywa chai. Nakuandikia umwambie ukweli. Kila ukimpa sababu, anaitafutia fundi. Nyumba itaisha.

Mkunga.


Jumatano, 16 Aprili

Dada,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Hii hata ikiwa mbaya naituma.

Magoti yangu ni mazima. Mkwe wangu si mjamzito. Daktari wa mifupa simjui hata kwa sura. Duka sijalifunga, nilihamia chumba kidogo zaidi na wenzangu watatu, tunagawana cherehani.

Nilisema magoti kwa sababu magoti hayamkosei mtu. Ningesema "sitaki", ungeuliza kwa nini, na mimi ningekosa la kusema, maana hujanifanyia ubaya wowote. Huo ndio ugumu wenyewe, Dada. Hujanifanyia ubaya.

Mama alipokufa nilikaa nawe mwezi mzima. Uliniwekea maji ya kuoga kabla sijaamka. Nguo zangu ulizikunja kuliko ninavyokunja mimi. Nikichelewa sokoni nakukuta mlangoni, husemi kitu, unatazama saa, unaingia ndani kuandika kwenye daftari lako. Jioni tunakaa, unanyamaza, na mimi ninayeitwa Chiriku nanyamaza pia, kwa sababu kila neno nikilitoa naliona linatua juu ya kitambaa chako cha meza kilichopigwa pasi. Siku ya kuondoka nilipopanda basi niliongea na abiria wa kando mpaka akajifanya amelala. Na ile ahadi ya mlangoni niliitoa kwa sababu ulikuwa umenishikia mkoba wangu na hukuwa unauachia.

Huku kuna kelele, kuna mavumbi ya vitambaa, tunagombana, tunapatana kabla chai haijapoa. Nina umri huu na ndiyo kwanza nimepata mahali ambapo sauti yangu haimsumbui mtu. Siwezi kupaacha. Nimejaribu kujilazimisha.

Najua ulianguka. Usimgombeze aliyeniambia. Siku niliyojua nilishusha sanduku kutoka juu ya kabati nikaanza kupanga nguo. Nikapanga mpaka likajaa, nikakaa juu yake nikalia, halafu nikazitoa zote. Sikutaka nije kwa huruma, kama wewe usivyotaka. Ningekuja hivyo ungeniona usoni kila asubuhi.

Mwezi wa Juni kazi zinapungua. Nitakuja wiki moja, kama bado unataka kuniona. Kama hutaki niambie hivyo hivyo, usinitafutie sababu.

Nisamehe chumba. Nisamehe choo.

Chiriku.


Alhamisi, tarehe 24 Aprili.
Asubuhi ukungu mwembamba, baadaye jua la wastani. Hakuna mvua.

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika jana. Sitasema haikuniuma. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kwa Mkunga nikamkuta anaosha vyombo, nikamwambia, "Umemwandikia mdogo wangu." Akasema, "Nani, mimi?" mikono ikiwa ndani ya maji. Nikamwambia, "Wewe." Akasema, "Basi nifunge." Tukakaa. Sikuwa na la kumfanya. Mumewe alizima redio, nikajua sura yangu si nzuri.

Ulichoandika habari ya mkoba ni kweli. Nilikuwa nimeushika nikijua nimeushika. Ya saa sikuyajua. Nilidhani mtu akingojewa mlangoni anajisikia anapendwa. Hivyo ndivyo Mama alivyotungoja sisi.

Nami sina haki ya kukulaumu kwa magoti. Wewe ulisema ya kwako ni mabovu nayo ni mazima, mimi nilisema ya kwangu ni mazima nayo ni mabovu. Na ile habari ya ngazi niliielewa siku ileile niliyoisoma. Nilikwenda kwa Mkunga nikitaka aniambie vingine, na yeye ana moyo mzuri, akaniambia.

Choo kimekwisha. Nusu Saa alimaliza leo mchana. Bomba jipya limepita chini ya chumba chako hadi kwenye chemba, tundu limekaa pale pale linapotakiwa. Mpira wa kuungia bomba jipya na kipande cha bomba la chuma kilichobaki uliadimika, akaupata kwa fundi mwenzake. Sakafu yako imesawazishwa, kavu, hata mvua ya juzi haikuiletea unyevu. Kitanda nimekirudisha. Si kwa kukungoja. Hakina pengine pa kukaa.

Nusu Saa alitaka tujaribu maji tukiwa wote. Akaja Mkunga, akaja mumewe. Fundi akavuta maji. Sote tukasikiliza maji yanavyokimbia chini ya nyumba, yanapita, yanatoka nje, yanaishia. Mumewe Mkunga akapiga makofi. Halafu kila mtu akaenda kwake, nikabaki nikisikia tangi linavyojaza tena taratibu, mpaka nalo likanyamaza.

Juni ukija, njoo. Nitakuachia uweke vijiko unavyotaka. Usipokuja, niandikie kwamba hukutaka. Nitaumia siku mbili tatu, lakini sitaita fundi.

Nusu Saa alirudi jioni. Alikuwa amesahau kitu kimoja, mshikio wa chuma wa kufunga ukutani, wa kujinyanyulia. Akauliza, "Mdogo wako anatumia mkono wa kulia au wa kushoto?"

Nikamwambia, "Haji."

Ni mara ya kwanza kulitamka kwa sauti. Akakitazama kile chuma mkononi mwake. Halafu akafunga kifuniko cha choo, akakipangusa kwa shati lake.

"Basi kaa wewe, Mama."

Nikakaa. Akaniambia nifanye kama nataka kusimama na sina wa kumshika. Nikanyoosha mkono. Akatoa penseli sikioni, akaweka alama ukutani pale vidole vyangu vilipofika.

Dada yako.

Nimeongeza mstari huu asubuhi kabla ya kufunga bahasha, kwa kuwa ulisema habari zangu mwenyewe huzioni: jana usiku usingizi haukunichukua hadi saa nane na robo.